Sura ya Sita: Kuwa na Kifua

Siku ya kwanza hospitali haikutupa kitabu. Ilitupa vipande viwili vidogo vya risasi vilivyofunikwa plastiki: kimoja chekundu chenye herufi R, kingine cha buluu chenye herufi L, na chini ya kila kimoja herufi za mwanzo za jina la mwanafunzi. Mkufunzi wetu, mama mmoja aliyebakiza miaka miwili kustaafu, alivigawa kwa mkono wake, mmoja mmoja, kama mtu anayegawa funguo za nyumba. R ni kulia, L ni kushoto. Kuanzia leo, alisema, kila picha mtakayopiga itakuwa na alama hii, na jina lako litakaa humo kwa muda wote picha itakapotunzwa. Ukipoteza, unanunua nyingine. Ukiiweka upande usio wake, iko siku daktari atapasua goti zima na kuliacha bovu.

Jioni nilimpigia simu mama yangu, nyumbani Muheza. Nikamwambia kwa furaha, “Mama, leo nimepewa risasi mbili, zimeandikwa jina langu.” Kimya. Kisha akauliza taratibu kama hiyo shule niliyomwambia ni ya udaktari au ya mgambo. Ikanibidi nieleze kwamba ni risasi ya madini, ile nzito inayozuia mionzi isipite, siyo ile ya bunduki. Alicheka, lakini nadhani hadi leo haamini sana.

Nimeanza na vipande hivyo kwa sababu vinaeleza aina ya shule ninayoizungumzia kuliko kipeperushi chochote. Marekani mtu anaweza kuingia katika kazi ya eksirei kwa kusoma chuo cha kawaida, akapelekwa hospitali kufanya mazoezi. Lakini iko njia nyingine, kongwe zaidi, ambayo wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki hatuisikii mpaka tumekwisha kaa huko miaka: hospitali yenyewe ndiyo inayoanzisha na kudhamini mafunzo. Darasa liko ghorofa ya chini, karibu na jikoni au dobi. Mkufunzi ni mwajiriwa wa hospitali. Wanafunzi ni wachache, sisi tulikuwa wanane, na kati ya darasa na mgonjwa ni hatua arobaini. Mimi niliigundua kwa sababu nilikuwa nasukuma viti vya magurudumu katika hospitali hiyohiyo, mji mmoja wa Iowa. Kwa miaka mitatu niliwafikisha wagonjwa hadi mlango wa chumba cha eksirei, mlango ukafungwa, nikabaki nje nikitazama taa nyekundu ikiwaka na kuzimika. Siku moja nikauliza humo ndani wanafanya nini hasa.

Ukongwe wa njia hii unarudi kwenye chanzo cha kazi yenyewe. Wilhelm Röntgen aliuona mwale huo Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895, na kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete. Mashine zikaingia mahospitalini upesi kuliko watu wa kuziendesha. Walioshika usukani ni wapiga picha, mafundi umeme, wauguzi, watawa, na yeyote ambaye daktari alimwona ana mikono iliyotulia. Hakukuwa na shule wala mtihani. Ulionyeshwa, ukaonyesha mwingine. Ed Jerman wa Kansas, aliyekwisha fundisha watu wengi kutumia mashine hizo, ndiye aliyewakusanya wenzake mwaka 1920 wakaunda chama cha wanaofanya kazi hiyo. Miaka miwili baadaye, 1922, likaanzishwa daftari la kuwasajili. Mtu wa kwanza kusajiliwa alikuwa mtawa, Sista Beatrice Merrigan, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya St. Anthony, Oklahoma City. Kwa hiyo anayedhani kusomea eksirei hospitalini ni njia ya mkato kwa walioshindwa chuo, historia inamkatalia. Hospitali ndiko kazi ilikozaliwa. Chuo kilikuja baadaye kuomba mlango.

Lakini mwenye nyumba naye amebadilika. Tangu mwaka 2015, lile daftari la 1922, ambalo sasa hujulikana kwa herufi nne, ARRT, halimruhusu mtu kufanya mtihani wake wa kwanza bila angalau shahada ya miaka miwili ya chuo. Cheti cha hospitali peke yake hakitoshi tena. Baadhi ya hospitali zilifunga shule zao, nyingine zikafunga ndoa na vyuo vya jirani. Ndoa yetu ilikuwa hivi: masomo ya jumla, yaani hesabu, uandishi na muundo wa mwili, tuliyamaliza chuoni kwanza, kisha miezi 24 ndani ya hospitali, mwisho tukatoka na karatasi mbili. Anayefikiria njia hii na aulize swali hili kabla ya lingine lolote: shahada nitaipata wapi, na nani atalipa?

Kuhusu kulipa sitasema mengi, kwa sababu kila hospitali ina mahesabu yake. Kwetu ada ilikuwa ndogo kuliko ya chuo. Mshahara haukuwepo. Neno “kudhamini” liliwapoteza baadhi yetu, wakadhani hospitali ingewalisha. Hospitali ilidhamini shule, haikudhamini tumbo. Nilisukuma viti Jumamosi na Jumapili, na kuna miezi nilikula wali na maharage mpaka nikasahau ladha ya samaki.

Somo lililonishika kuliko yote lilikuwa la kivuli. Hakuna Mswahili aliyekulia kwenye kandili ambaye hakuwahi kucheza na kivuli cha mkono wake ukutani. Mkono ukiusogeza karibu na taa, kivuli kinakuwa jitu lenye kingo zilizofifia. Ukiusogeza karibu na ukuta, kinarudi ukubwa wake na kingo zinakaza. Picha ya eksirei ni mchezo uleule. Bomba la mionzi ndiyo kandili, bamba la kunasia picha ndio ukuta, na mwili ndio mkono. Ndiyo maana picha ya kawaida ya kifua hupigwa mgonjwa akiwa ameligeuzia bomba mgongo, kifua kimegusa bamba: moyo uko mbele, na tunautaka karibu na ukuta usije ukakuzwa na kuonekana mgonjwa ilhali ni mzima. Ndiyo maana bomba huwekwa mbali, kama sentimita 180. Nilipoelewa hilo, kurasa nyingi za kitabu zikafunguka zenyewe.

Halafu kuna viungo vya mwili, ambavyo vina ukaidi wao. Mwambie mgonjwa aweke mikono kiunoni na kusukuma mabega mbele, si kwa pozi, bali ili makombe ya mabega yapishe mapafu. Ainue kidevu kisifunike ncha za juu. Avute pumzi, aitoe, avute tena na kuizuia. Pumzi ya pili huwa ndefu kuliko ya kwanza. Ukihesabu mbavu za nyuma juu ya kiwambo cha moyo ukafika kumi, pumzi ilikuwa nzuri. Vitabu vinatoa ukurasa mmoja wa mambo haya, na mchoro wa kijana mwenye afya na misuli. Kijana huyo sikuwahi kukutana naye. Niliokutana nao ni wazee wasioweza kusimama, watoto wanaopiga teke, mlevi wa saa nane usiku, na mama mjamzito aliyevunjika kifundo cha mguu akilia si kwa maumivu bali kwa hofu ya mwanawe.

Hapo ndipo shule ya hospitali inapopata ushindi wake. Asubuhi saa mbili mkufunzi anachora nyonga ubaoni. Saa nne bibi wa miaka 84 aliyeanguka bafuni ameletwa, nyonga ileile, na mguu umejipinda kwa nje. Unajifunza kwamba mguu huo hauuzungushi hata kama kitabu kinasema uzungushwe. Unajifunza kulizungusha bomba badala ya mtu. Orodha ya ARRT ya mwaka 2022 inataka mwanafunzi athibitishe kuziweza picha 36 za lazima na nyingine 15 za kuchagua, pamoja na mambo 10 ya kumhudumia mgonjwa, kama kupima mapigo ya moyo na kumhamisha kutoka kitandani. Zile za kawaida, kifua na mkono, unazimaliza miezi ya kwanza. Nyingine unazivizia kama mvuvi. Mwenzetu mmoja alikaa miezi akingoja mtu wa kupigwa picha ya kidari. Tulimtania kwamba anaombea ajali.

Sheria kubwa ya miaka miwili ile ilikuwa ya usimamizi. Kabla hujathibitishwa katika picha fulani, aliyesajiliwa lazima awe nawe chumbani, akague karatasi ya daktari, amwangalie mgonjwa, na aione picha kabla haijatumwa. Ukithibitishwa, anaweza kuwa jirani tu, mahali utakapomwita akaitika. Lakini picha ikiharibika na ikabidi irudiwe, hata uwe umebakiza wiki moja kuhitimu, hurudii peke yako. Sharti aje asimame. Mwanzoni nililiona hilo ni kutuaibisha. Baadaye nikajua kwamba kila marudio ni mionzi ambayo mgonjwa hakupaswa kuipata, na hospitali haitaki mionzi hiyo iamuliwe na mtu mwenye haya usoni.

Marudio yangu ya kwanza yalikuwa ya mzee mkubwa, mpana, mkulima mstaafu wa mahindi. Picha ya kifua. Nilipima, nikamwambia avute pumzi, nikabonyeza. Picha ilipotokea, kona za chini za mapafu yote mawili hazikuwemo. Ni kona hizo ambamo maji hujikusanya yakiwepo, na mzee aliletwa kwa sababu alikuwa akihema. Kwa mtu wa umbo lake nilipaswa kulilaza bamba kwa upana, nami nililisimamisha kwa urefu kwa sababu ndivyo lilivyokuwa limewekwa kwa mgonjwa aliyetangulia. Nikatoka nikamwita mkufunzi. Tuliporudi naye chumbani, mzee alitutazama wawili badala ya mmoja, uso ukambadilika. “Mmeona kitu kibaya?” akauliza.

Hakuna aliyenifundisha bado jibu la swali hilo. Nikaanza kugugumia. Mkufunzi akamshika mkono yule mzee na kumwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mwanafunzi amekata ukingo wa picha, kosa ni letu, tunapiga nyingine. Mzee akashusha pumzi. Tukapiga, ikatoka safi. Nje ya mlango mkufunzi hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba mgonjwa akiona tunarudia bila maelezo, huandika mwenyewe majibu yake kichwani, na kwa kawaida huandika kifo.

Sisi tuna neno ambalo Wamarekani wale hawana. Mtu anayejua kutunza jambo bila kulimwaga tunasema ana kifua. Asiyeweza, hana kifua. Niliwaeleza wenzangu darasani, wakaona ni mzaha mzuri kwa watu wanaopiga picha za vifua kutwa nzima. Lakini kwangu liliacha kuwa mzaha upesi. Mtu wa eksirei ndiye wa kwanza kuona. Kabla ya daktari, kabla ya ndugu, kabla ya mgonjwa mwenyewe, yeye ameshaona mfupa uliokatika, uvimbe mweupe kwenye pafu, sarafu kooni mwa mtoto. Na yeye ndiye asiyeruhusiwa kusema. Maadili ya kazi yako wazi: kutafsiri picha na kutamka ugonjwa ni kazi ya daktari. Akiona jambo la hatari anamwita daktari wa mionzi mara moja. Kwa mgonjwa anabaki na uso uleule aliomkaribishia. Si rahisi. Macho huvuja. Wapo wagonjwa wanaokusoma usoni, na wapo wanafunzi waliojaliwa akili na mikono lakini wakashindwa hapo tu.

Mwaka wa pili, mwezi wa Februari, aliletwa mama mmoja kutoka Kongo, wa Kivu. Theluji ilikuwa imejaa, naye alikuwa amejifunika kitenge juu ya koti. Karatasi ilisema kikohozi cha wiki sita. Nikamwamkia, “Shikamoo, mama.” Akanitazama. Kisha akatabasamu na kunijibu kwa njia ya kwao, “Jambo, mtoto. Habari?” Kiswahili chetu hakikuwa kimoja, lakini kilitosha. Aliniambia mashine hii anaijua. Kambini Nyarugusu, kule Kigoma, kabla ya safari, walipigwa picha ya kifua wote wakubwa. Ni kweli: wakimbizi wanaokwenda Marekani hupimwa kifua kikuu kwanza, na kwa waliotimiza miaka 15 picha ya kifua ni sehemu ya kipimo hicho. Picha hiyo ndiyo iliyomfungulia ndege. Sasa alisimama mbele ya bamba jingine, bila kuambiwa akaweka mikono kiunoni na kusukuma mabega mbele. Kambi ilimfundisha pozi.

Nikasema, “Vuta pumzi, mama. Izuie.” Akaizuia. Nikabonyeza.

Alipogeuka aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama anayemuuliza mwanawe: “Umeona nini?”

Swali la yule mkulima niliulizwa kwa lugha ya kazi. Hili niliulizwa kwa lugha ya nyumbani, na mtu wa rika la mama yangu, ambaye kwa mila zetu simnyimi jibu. Nilikuwa nimeona. Nikamwambia, “Mama, picha imetoka vizuri. Daktari ataisoma, na yeye ndiye atakayekueleza, kwa mkalimani.” Akanitazama kidogo, akakubali kwa kichwa. “Aksanti,” akasema. Mkalimani alikuwa kwenye simu, kwa sababu sheria za Marekani zinataka mkalimani aliyehitimu kwa mazungumzo ya ugonjwa, wala mimi kujua Kiswahili hakunifanyi mmoja wao; ruhusa yangu iliishia kwenye kumwamkia na kumwambia apumue. Nilipompeleka kwenye kiti chake alinishika mkono njia nzima. Majibu yake sikuyajua, na haikuwa haki yangu kuyafuatilia kwenye kompyuta. Hilo nalo ni kifua.

Kuna jambo jingine la siri katika kazi hii ambalo halihusu wagonjwa, linahusu sisi wenyewe. Zamani za filamu, ukimpiga mgonjwa mionzi kupita kiasi, filamu ilitoka nyeusi na kila mtu akaona aibu yako. Siku hizi picha ni za kidijitali, na kompyuta husawazisha. Mionzi ikiwa michache mno picha huonyesha chengachenga, na daktari hulalamika. Mionzi ikizidi, picha hung'aa tu. Hakuna anayelalamika. Kwa hiyo mkono hujifunza kuongeza kidogo, na kesho kidogo tena, ili kuepuka lawama. Iko namba inayotokea pembeni ya kila picha kuonyesha bamba limepokea kiasi gani, na mkufunzi wetu alitulazimisha kuiandika kwenye daftari kwa kila mgonjwa, miezi sita mfululizo. Tulimchukia. Mtego mwingine ni wa kukata: zamani ulibana mwanga ukaangaza sehemu inayohitajika tu, leo mvivu anaweza kuuacha wazi, kisha akazikata kingo kwenye kiwambo cha kompyuta, picha ikaonekana nadhifu ilhali tumbo la mtu limeshaogeshwa mionzi bila sababu. Mkufunzi alikuwa na jina la vitendo vya namna hiyo. Aliviita wizi.

Si kwamba picha moja ni sumu. Picha mbili za kifua zina kiasi cha milisiverti 0.1, ambacho mtu hukipata kwa siku kama kumi kutoka ardhini, angani na kwenye hewa anayovuta. Lakini wa kwanza katika kazi hii hawakujua hata hilo. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, aliyapima mabomba ya mionzi kwa mikono yake mwenyewe, siku baada ya siku. Mikono ikaungua, ikapata saratani, ikakatwa, na mwaka 1904 akafa. Edison naye aliacha kabisa kushughulika na eksirei. Elizabeth Fleischman, aliyesifika San Francisco kwa picha za askari waliojeruhiwa, alikufa 1905 kwa sababu ileile. Hamburg, Ujerumani, kuna mnara uliosimamishwa 1936 wenye majina ya waliokufa hivyo, na mengine yaliongezwa baadaye. Tuliisoma habari hiyo wiki ya pili, kabla ya kuruhusiwa kugusa kitufe chochote, kisha kila mmoja akavaa beji ya kupima mionzi kwenye ukosi. Mfanyakazi asizidishe milisiverti 50 kwa mwaka. Mwenzetu aliyepata ujauzito mwaka wa pili alikuwa na haki ya kuutangaza kwa maandishi au kukaa kimya, na alipoutangaza alipewa beji ya pili ya kiunoni, kwani mtoto hatakiwi kuzidi milisiverti 5 kwa mimba nzima.

Kinga kubwa kuliko zote ni ya bure. Rudi nyuma. Ukiwa mita 1 kutoka kwenye chanzo ukarudi hadi mita 2, kinachokufikia hakipungui nusu, kinabaki robo. Ukirudi hadi mita 3, kinabaki sehemu moja ya tisa. Ndiyo sababu kitufe cha mashine ya kusukuma wodini kina waya mrefu, na ndiyo sababu utawaona watu wa eksirei wakikimbilia mlangoni kabla ya kubonyeza. Wauguzi hudhani tunaringa.

Na mambo hubadilika ukiwa bado darasani. Kwa miongo mingi ilikuwa kanuni kufunika nyeti za mgonjwa kwa kipande cha risasi. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba wa Marekani kikatangaza kwamba desturi hiyo iachwe: mionzi ya mashine za leo ni midogo, na kile kifuniko huweza kuficha sehemu daktari anayotaka kuiona au kuidanganya mashine inayojipimia, ikaongeza mionzi badala ya kupunguza. Kwa hiyo utamkuta mgonjwa aliyefundishwa maisha yake yote kudai aproni, na mwanafunzi aliyefundishwa jana kutompa. Mabishano yao ndiyo mtihani wa kweli wa maneno matamu.

Mtihani wa makaratasi nao upo. Maswali 200 yanayohesabiwa, na mengine ya majaribio yaliyochanganywa humo bila kutambulishwa. Alama ya kupita ni 75. Nafasi ni tatu ndani ya miaka mitatu, ukishindwa zote unarudi shule. Ukipita, unaandika R.T. baada ya jina lako, na kila miaka miwili unatakiwa kuonyesha pointi 24 za masomo ya kujiendeleza. Baadhi ya wenzangu Wamarekani huudhika wakiitwa mafundi. Wanataka waitwe wateknolojia, na cheo hicho ni chao kwa haki. Mimi nikiitwa fundi wa eksirei siudhiki. Nilikotoka, fundi ni mtu unayemkabidhi kitu chako cha thamani ukaenda zako.

Kwa msomaji anayeifikiria njia hii, hasa aliyesomea mionzi Nairobi, Dar es Salaam au Moshi na kudhani cheti chake kitatambuliwa mara atakapotua: cheti cha nyumbani peke yake hakikupi nafasi katika daftari la ARRT, na wengi wamelazimika kusoma upya. Hiyo inauma, najua. Nimefanya kazi na mtu aliyepiga picha kwa miaka kumi na moja kwao, kisha akakaa darasani nasi kufundishwa kushika kiwiko. Alivumilia, na usiku alitusomesha sote fizikia.

Usijiandikishe popote kabla hujauliza kama mafunzo yamethibitishwa na JRCERT, chombo kinachokagua shule hizi tangu 1969. Zilizothibitishwa hulazimika kutangaza hadharani ni wangapi wamemaliza, wangapi wamepita mtihani mara ya kwanza, na wangapi wamepata kazi. Soma namba hizo za miaka mitano, si ya mwaka mmoja mzuri. Kisha omba ruhusa ya kwenda kukaa asubuhi moja katika idara ya eksirei, bila kugusa kitu, utazame tu. Tazama mikono ya wafanyakazi, lakini zaidi tazama nyuso zao wanapotoka kwenye kompyuta na kumrudia mgonjwa. Nafasi ni chache, na maombi hufungwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza. Anayetaka kuingia mwaka ujao na aanze kuuliza mwezi huu.